Istilahi za tanzia ya Kigiriki: je, korasi ni kwaya?

Mwanafunzi, Nyegezi
Shikamooni walimu wangu. Ninasoma tamthilia ya Sophocles kuhusu Mfalme Oedipus, na istilahi zimenikwamisha. Tanzia, neno tunalotafsiria “tragedy”, hapa kwetu ni tangazo la kifo, ilhali Oedipus mwenyewe hafi bali anajipofua. Korasi nayo, lile kundi linaloimba na kucheza ndani ya tamthilia, mwenzangu anaiita kwaya. Na hamartia, neno la mwanafalsafa Aristotle kwa kinachomwangusha shujaa, je, niandike dosari?

Mwalimu mstaafu, Igoma
Marahaba. Tanzia imekwisha kukubalika katika fasihi, ila usiipime kwa idadi ya maiti. Katika Philoctetes, ambayo Sophocles huyohuyo aliionyesha mwaka 409 kabla ya Kristo, hafi mtu. Ugomvi wangu uko kwenye hamartia. Neno hilo linatokana na kitenzi kilichotumika hata kwa mtupa mkuki aliyekosa shabaha, na bahati njema Kiswahili kinacho kitenzi cha namna hiyohiyo: kukosa ni kutopata ulichokilenga, na kukosa ni kutenda lisilofaa. Basi andika kosa. Ukiandika dosari, utaanza kutafuta kasoro katika tabia ya Oedipus, wakati alimuua mzee mmoja penye njia panda bila kujua kwamba ni baba yake.

Mpenzi wa ngoma, Kisesa
Kwaya hapana, maana msomaji atafikiria ibada ya Jumapili. Kwa Wagiriki, khoros lilikuwa neno la uchezaji, na orkhestra ulikuwa uwanja wa kuchezea. Ngoma yetu nayo ni ala, wimbo na mchezo kwa pamoja. Aliyewaona Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wakishindana Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo hahitaji maelezo marefu. Tofauti ni kwamba korasi ni mhusika: ni wazee wa Thebes wanaouliza, wanaoomba miungu na wanaomwogopea mfalme wao. Kwa hiyo mimi ningeacha korasi, kisha nikaifafanua mara ya kwanza.

Mwanafunzi, Nyegezi
Ahsanteni. Peripeteia, pale mambo yanapomgeukia mhusika ghafla, nilikuwa nimeiita mgeuko, lakini naona strofe, ubeti wa korasi, nayo maana yake ni mgeuko.

Mwalimu mstaafu, Igoma
Iite mpinduko. Mfano wa Aristotle mwenyewe ni mjumbe wa Korintho, anayekuja kumwondolea Oedipus hofu ya kumwoa mama yake, kumbe habari yake ndiyo inayofichua Oedipus ni nani. Mpinduko na utambuzi, yaani kujua lililokuwa limefichika, vinatokea hapo kwa pamoja, na ndiyo sababu Aristotle aliusifu utambuzi huo kuliko mwingine.