Naomba ushauri: AC ya gari inavuja gesi, fundi anataka kushusha dashibodi

Wakuu habari zenu. Nina gari ndogo ya Kijapani ya 2006, naitumia hapa Dar. Nikijaza gesi AC inapiga baridi safi kabisa, lakini baada ya wiki chache inapuliza joto. Na kwa joto la Desemba, foleni ya Barabara ya Mandela siyo mchezo.

Fundi wa kwanza kazi yake ni kujaza gesi ya 134a, chukua hela, kwaheri. Wa pili alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya paipu na kwenye kondensa kule mbele, hakuna palipotoa mapovu. Kompresa nayo ni kavu, na gesi ikivuja kawaida huacha alama ya mafuta. Sasa anasema basi ni evapoleta, ile sehemu ya AC inayopoza hewa ndani ya dashibodi, kwa hiyo tushushe dashibodi nzima. Hapo ndipo nasita. Dashibodi zikishafunguliwa mtaani hazirudi kama zilivyotoka kiwandani, zinalia kwenye kila shimo.

Je, kuna namna ya kuhakikisha kabla ya kufungua? Kuna ile rangi inayowekwa kwenye mfumo halafu wanamulika kwa taa maalumu, na wengine wanajaza naitrojeni waone kama presha inashuka. Nani Dar ana vifaa hivyo na anajua kuvitumia? Na evapoleta ikiwa imetoboka, ikichomelewa inadumu au ninunue mpya? Ya mtumba siitaki, labda mnishawishi.

Maji yanayodondoka chini ya gari AC ikiwaka najua ni kawaida, siulizii hayo.