Fundi vigae wa mtaani: nianze na cheti, usajili au chama?

Fundi wa Nkuhungu

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni fundi wa vigae hapa Dodoma. Kazi nilifundishwa saiti na mjomba wangu, kuanzia kubeba maboksi na kuchanganya saruji mpaka nilipoanza kukabidhiwa vyoo na majiko peke yangu. Darasa la ufundi sijawahi kulikalia. Tangu serikali ihamie huku kazi ndogo hazikosekani, ila zile kubwa zinanipita. Hivi karibuni kampuni moja ya ujenzi iliridhika na sampuli niliyowawekea, kisha ofisi yao ikataka nakala ya cheti, na kwa kuwa sikuwa nacho kazi ikaenda kwa mwingine.

Nimepewa ushauri unaogongana. Mmoja ameniambia niende VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, mwingine amesema nijisajili Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wenzangu wa kazi wanataka tuunde chama cha mafundi vigae tujitolee vitambulisho wenyewe. Naomba mwenye uelewa anieleze kipi kinatangulia, na kama kitambulisho cha chama kinaweza kusimama mahali pa cheti.

Mwalimu wa Uashi

Ndugu fundi, anza na cheti, na usiogope kwamba utalazimika kuacha kazi ukakae chuoni. VETA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na umewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Unajaza fomu kwenye chuo, unahojiwa, unaonyesha ushahidi wa kazi ulizofanya, kisha unapimwa kwa vitendo. Penye pengo unapewa mafunzo mafupi ya kuliziba. Uwekaji vigae mara nyingi huhesabiwa ndani ya fani ya uashi, kwa hiyo ukifika chuoni uliza kwa jina hilo. Uliza pia kabla ya kulipa chochote, kwa sababu Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikigharimia mafundi kwa awamu kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi.

Sasa nikueleze panapowashinda wengi, kwa kuwa mkono mwepesi peke yake hautoshi. Fundi aliyezoea kuloweka vigae vya ukutani kwenye ndoo na kuvibandika kwa saruji, akipewa vigae vya porcelini vya sentimita 60 kwa 60 hufanya vilevile, ilhali porcelini hainyonyi maji hata kufikia asilimia moja, na saruji tupu haipati pa kushika. Hapo panahitajika gundi ya vigae, ipakwe sakafuni kwa mwiko wa meno na ipakwe tena mgongoni mwa kigae, ili kusibaki mapengo ya hewa. Mimi ninapopima hugonga kila kigae kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Kinacholia kitupu kwenye pembe ndicho kitakachopasuka siku mtu atakapokiburuzia jokofu. Kisha humwaga maji kwenye sakafu ya bafu nikaangalia kama yanakimbilia kwenye tundu au yanatuama kwenye kona. Halafu huuliza kwa nini umefanya ulivyofanya, na hapo fundi hodari aliyeiga tu bila kuelezwa sababu ndipo anapoanza kujikuna kichwa.

Mkandarasi Daraja la Saba

Nakubaliana na Mwalimu. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, chini ya Sheria Na. 17 ya mwaka 1997, husajili biashara ya ukandarasi, yaani kampuni yenye mtaalamu wake, vifaa vyake na ada ya kulipa kila mwaka. Fundi anayefanya kazi chini ya mkandarasi aliyesajiliwa hahitaji kubeba mzigo huo, kwa sababu mwenye mkataba ndiye anayewajibika kwa mteja. Utafika huko siku utakapotaka kuchukua mikataba kwa jina lako.

Kuhusu ofisi ile, usiwahukumu haraka. Msimamizi wetu anaweza kuipenda kazi ya mtu kwa macho, lakini mshauri wa mradi anapokagua mafaili anataka karatasi. Hata katika miradi ya shule na zahanati inayojengwa kwa force akaunti, ambako kamati za wananchi huajiri mafundi wa eneo lenyewe bila mkandarasi, nimeona mwenye cheti akitangulizwa pale bei zinapolingana.

Chama ni jambo jema, ila kisichukuliwe kama njia ya mkato. Chama kinachompa kitambulisho kila aliyelipa ada ni mashine ya kuchapa kadi tu, na wateja watakigundua mapema. Mkikianzisha, wekeni sharti kwamba mwanachama apimwe na wenzake kwenye kazi halisi, na kwamba kazi mbovu itarudiwa kwa gharama ya aliyeiharibu. Mnaweza kuanza na kikundi kilichosajiliwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, na hapo, kama ni vijana au wanawake, mlango wa mikopo isiyo na riba, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, unafunguka. Mashine nzuri ya kukatia vigae haiko kwenye uwezo wa fundi mmoja. Kwa walioko Dar es Salaam, VIBINDO, mwavuli wa vikundi vya wazalishaji na wafanyabiashara wadogo ulioanzishwa mwaka 1995, inafaa kufuatwa kwa ushauri.

Fundi wa Likoni

Huku kwetu Kenya mambo haya yamegawanywa mara mbili. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mtihani wa ufundi kuanzia daraja la tatu kupanda hadi la kwanza, na unaruhusiwa kuufanya hata kama kazi uliipata mtaani. Kisha kuna Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, ambayo kwa sheria yake ya mwaka 2011 inamtaka fundi stadi wa ujenzi aidhinishwe nayo. Wengi wetu tuliiona kuwa ni kero, na mimi bado naona utekelezaji wake umewaandama zaidi wadogo, lakini kwenye majengo makubwa ya Nyali, hapa Mombasa, kadi ya uidhinisho huo inaulizwa getini.

Mwenye Nyumba Kigamboni

Samahani, mimi nasema kama mteja. Cheti hakilazi kigae. Fundi wangu wa sebuleni alikuwa nacho, na grauti, ile ya kuziba mianya kati ya vigae, ilianza kumomonyoka kabla sijahamia. Mimi huomba kuonyeshwa nyumba ambayo vigae vyake vimekwishapitiwa na masika kadhaa.

Mswahili wa Köln

Ndugu yangu wa Kigamboni, endelea kuomba hivyo, lakini tazama yaliyotokea hapa Ujerumani. Mwaka 2004 serikali iliondoa sharti la kuwa na cheti cha ufundi mkuu kwa mtu anayefungua biashara ya kuweka vigae, pamoja na fani nyingine zaidi ya hamsini. Biashara za mtu mmoja mmoja ziliongezeka mno, waliofundisha wanagenzi wakapungua, na vyama vya fani vililalamikia ubora kwa miaka mingi. Mwaka 2020 sharti lilirudishwa kwa fani 12, na vigae ni mojawapo. Cheti hakimzuii mtu kulipua kazi. Faida yake kubwa ni kwamba kinalazimisha kuwepo mtu wa kumfundisha anayefuata.

Fundi wa Nkuhungu

Nashukuru sana wakuu. Nitaanza na VETA, na suala la chama nitalipeleka kwa wenzangu pamoja na hilo sharti la kurudia kazi. Mjomba naye angependa kupimwa, ila kusoma kwake ni kwa shida. Je, ajaribu?

Mwalimu wa Uashi

Ajaribu, na amweleze mpimaji mapema, maana sehemu kubwa ni vitendo na mahojiano. Nyote wawili anzeni leo kupiga picha za kazi katika hatua zake: sakafu kabla ya vigae, gundi ikiwa imepakwa, vigae kabla ya grauti, na mwisho. Picha ya sebule iliyokamilika peke yake hainionyeshi kilichoko chini. Andikeni nyuma ya kila picha mahali, tarehe na namba ya simu ya mwenye nyumba, baada ya kumwomba ruhusa.