Tupeane uzoefu: mvinyo mweupe wa bei nafuu na mapishi yetu ya nazi na pilipili

Mama wa Maweni (mwanzisha mada)

Wapendwa, habari za Malindi na kwingineko. Samaki wa kupaka nimempika tangu usichana wangu, ila mvinyo nimeuzoea miaka minne tu. Pasaka iliyopita niliwaalika dada zangu wawili. Nikamchoma changu mkubwa juu ya makaa, nikampaka tui zito lenye ukwaju, thomu, tangawizi, bizari na pilipili mbuzi tatu. Dukani niliambiwa Chardonnay ndiyo mvinyo wa samaki, nikanunua.

Funda la kwanza tu, pilipili iliwaka maradufu. Ladha ya tui ikapotea, mdomoni kukabaki uchungu wa ubao. Dada yangu mkubwa akaisogeza glasi pembeni kimyakimya, akaomba maji. Iliniuma, maana pesa ilitoka na samaki alikuwa mzuri. Kesho yake nikasoma nyuma ya chupa: asilimia 14 ya kileo, umekaa kwenye mapipa ya mwaloni.

Naomba anayekunywa mvinyo na chakula chake cha nyumbani atueleze alipika nini, alinunua nini, ikawaje. Asiyekunywa simshawishi. Majirani zangu wengi ni Waislamu, wakija kwangu meza yao huwa ni ya maji ya ukwaju na ya ndimu, na chupa haionekani.

Mpishi wa Casuarina

Mama, pole. Hilo limenikuta nikiwa kazini. Nimepika kwenye nyumba za Waitaliano kwa miaka 11. Wao na samaki wa kuchoma kwa chumvi, ndimu na mafuta ya zeituni hunywa Pinot Grigio baridi, mkavu (yaani usio na utamu), na unakaa vizuri kabisa. Basi siku moja bibi mwenye nyumba akataka chakula cha kwetu. Nikampikia kamba wa nazi wenye pilipili, akafungua Pinot Grigio ileile. Ukawa kama maji yaliyokamuliwa ndimu. Tui lina mafuta na utamu wake, na chakula chenye utamu huufanya mvinyo mkavu uonekane mchachu zaidi ya ulivyo.

Mwaloni nao una ukali unaokausha ulimi, ukikutana na pilipili unageuka uchungu. Na kileo chenyewe huchokoza palepale mdomoni panapohisi moto wa pilipili, kwa hiyo asilimia 14 ni kama kuongeza pilipili ya nne kwenye sufuria yako.

Bibi yule aliporudi safari nyingine alikuja na Moscato d'Asti ya kwao Piemonte. Ina asilimia tano hivi tu, tamu, ina mapovu kidogo. Kamba walewale, pilipili ileile, na watu waliomba kuongezwa wali. Bei yake si ya mshahara wangu, lakini siku hiyo nilijua natafuta nini: utamu kidogo, kileo kidogo, baridi ya kutosha.

Kijana wa Barani

Sisi vijana wanne hununua boksi la lita tano la Chenin Blanc ya Afrika Kusini, tunachanga. Zabibu hiyo ndiyo nyeupe iliyopandwa kwa wingi kuliko zote kule, zamani wakiiita Steen, ndiyo maana bei yake inashikika. Mfuko wa ndani hunywea kadiri unavyomimina, hewa haiingii, ukiwa kwenye friji unakaa mwezi bila kuharibika. Tunaunywa na viazi karai na ukwaju. Hatujawahi kujuta.

Mjukuu wa mgema, Kakuyuni

Nimesoma maelezo ya Mpishi nikamkumbuka babu. Alikuwa mgema, akipanda minazi asubuhi na jioni. Mnazi wa kunywa ulioshuka alfajiri ni mtamu na laini, hata bibi alikuwa akionja. Kufika jioni umeshakuwa mkali, kwa sababu chachu imekula sukari ikaifanya kileo. Ukiuacha siku mbili tatu, unaelekea kuwa siki. Babu alipokula sima na mchuzi wa papa wenye pilipili alitaka ule wa asubuhi. Ule wa jioni, alisema, ni wa kuzungumzia, si wa kulia chakula.

Mvinyo ni mambo yaleyale. Chachu ikisimamishwa mapema, sukari inabaki na kileo hakipandi. Ikiachwa imalize sukari yote, unapata mkavu wenye nguvu. Kwa hiyo mimi dukani sisomi sifa za mbele, nageuza chupa kutafuta asilimia. Mweupe wa 8 au 9, mara nyingi utamu umebaki. Riesling za Ujerumani zilizoandikwa Kabinett ziko humo, ila zile za "trocken" ni kavu, ziache. Nilipata moja ya punguzo la bei, nikala na kuku wa nazi aliyetiwa pilipili kichaa. Ule uchachu ukakata mafuta ya tui, utamu ukaupoza ulimi. Nilimkumbuka babu nikanyamaza mezani.

Dada wa Watamu

Naomba nitofautiane kidogo. Tusiseme "viungo" kana kwamba ni kitu kimoja. Pilau yangu ina uzile, karafuu, mdalasini, hiliki na pilipili manga chache, lakini haina moto. Nikiinywea mvinyo mtamu naona inazama, kama niliyemwagia sharubati. Pilau napenda Chenin mkavu usiopitia mwaloni. Na kachumbari yenye ndimu nyingi, au pweza wa kuchoma, hapo ni Sauvignon Blanc. Uchachu wa ndimu ukiuzidi wa mvinyo, mvinyo unapooza, kwa hiyo unahitaji mchachu mwenzake. Pilipili ya moto ndiyo inayodai utamu. Mdalasini haudai.

Mgeni kutoka Dodoma, sasa Malindi

Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo mweupe tulikuwa tukinywa na nyama choma tu. Hapa nimejifunza kuuogopa mwanga. Nilinunua chupa iliyokuwa imesimama kwenye dirisha la duka, jua la Malindi likiipiga mchana kutwa. Ilikuwa na rangi ya chai na harufu ya tufaha lililooza. Chukueni ya rafu ya nyuma, penye kivuli.

Mama wa Maweni

Nimesoma yote, nimerudi na jibu. Jumamosi nilipika samaki yuleyule, pilipili zilezile tatu, sikupunguza. Nikanunua Chenin Blanc ya utamu wa kati, asilimia 9, kwa bei iliyo chini ya nusu ya ile Chardonnay. Stima ilikuwa imepotea tangu saa nane, friji imelegea, nikatuma mtoto kwa wauza samaki alete barafu. Nikaitia kwenye ndoo pamoja na maji na kiganja cha chumvi, chupa ikazama hadi shingoni. Kwa robo saa hivi ikawa baridi ya kuuma vidole.

Dada yangu mkubwa alionja akisitasita. Akala tonge la wali na samaki, akanywa tena. Halafu akaniuliza kama zile pilipili kweli ni tatu.

Dada wa Watamu, Jumapili ijayo napika pilau. Nitajaribu huo mkavu wako.