Mrejesho: yule mwandishi aliyekuwa anamaliza siku bila aya hata moja

Wakuu, nimerudi. Miezi mitatu iliyopita niliomba ushauri: nimeacha ajira, naandika makala na kutafsiri nikiwa nyumbani Tabata, ila siku inaisha sijaandika kitu, na hela za wateja zinachelewa.

Aliyeniambia nitoke nyumbani, Mungu akubariki. Siku tatu kwa wiki napanda daladala hadi Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi. Pale hakuna wa kunituma dukani. (Shemeji bado anaamini mtu anayeshinda nyumbani hana kazi, hilo nimeshindwa.) Nazima data, naandika kuanzia saa tatu hadi saa saba. Maneno 800 yakifika nafunga kompyuta hata kama bado nina hamu, tena nakatiza katikati ya sentensi ili kesho nisianze na ukurasa mtupu. Hiyo ndiyo imenisaidia kuliko zote.

Ile mbinu ya dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika haikunifaa. Zile tano zilikuwa zinageuka arobaini WhatsApp.

Kuhusu hela: sasa sianzi kazi bila nusu ya malipo mkononi. Wateja wawili wameondoka, mmoja wao ndiye yule aliyekalia hela yangu tangu Machi, kwa hiyo sijalia sana.

Mwezi uliopita nimepeleka makala 11. Zamani nilikuwa nasuasua na nne. Riwaya yangu bado imelala.