Malalamiko: Mnatuuzia baruapepe za kampuni bila SPF, DKIM wala DMARC, kisha mnatuambia tatizo ni Gmail

Wanajukwaa, assalam aleikum, na amani kwenu nyote.

Nimeufungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni haja ya kuificha, kwa sababu kwa miezi saba ofisi yetu imepoteza fedha, wateja na heshima kwa kosa katika hizo alama tatu zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, kosa ambalo mtu anayeijua kazi aliyolipwa angelimaliza kwa asubuhi moja. Sisi ni mawakala wa forodha hapa Mombasa, ofisi ya watu sita karibu na Moi Avenue. Tunawatolea watu mizigo bandarini Kilindini, na wateja wetu wengi wako Nairobi, Kampala na Kigali. Kazi hii huendeshwa kwa baruapepe tangu meli haijafunga gati hadi lori linapovuka mpaka: hati za shehena, makadirio ya gharama, ankara, maagizo ya malipo. Simu ni ya kujuliana hali na kuharakishana. Kinachohesabika ni kilichoandikwa na kufika.

Kampuni iliyotuuzia domeini yetu ya .co.ke, yaani jina letu la mtandaoni, pamoja na huduma ya baruapepe sitaitaja jina. Niliyoyaona tangu nianze kuuliza yamenionyesha kwamba haiko peke yake.

Mwezi wa Machi alinipigia simu mteja wetu wa Kampala, mzee tuliyemtolea mizigo kwa miaka tisa. Hakugomba. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Binti yangu, nimewakosea nini hata mkaninyamazia?" Nilimwapia kwamba nilikuwa nimemwandikia mara tatu nikimwomba hati asilia za kontena lake la vipuri. Alipomwita mjukuu wake afungue folda ya spamu, zote tatu zilikuwa humo, zimepangana na matangazo ya bahati nasibu. Wakati huo kontena lilikuwa limekwisha kushushwa, siku za kuhifadhiwa bila malipo zilikuwa zimepita, na ada ya bandari ilikuwa ikihesabiwa kila kukicha, achilia mbali fedha ambazo kampuni ya meli hudai kontena lake linapocheleweshwa. Nusu ya gharama hizo tulizibeba sisi, na hatukuwa na uso wa kukataa.

Siku hiyohiyo nilipiga simu kwa dawati la msaada la kampuni yetu ya baruapepe. Kijana aliyepokea aliniambia, "Dada, huku kwetu ujumbe umetoka vizuri, tatizo ni Gmail, mwambie mteja wako abonyeze kwamba hii si spamu." Nilimtii. Niliwaandikia wateja arubaini kwa WhatsApp nikiwaomba wakanitafute kwenye spamu, na kila nikikumbuka jambo hilo uso hunipata moto, kwa maana ni nani atakayeikabidhi kontena la mamilioni ofisi inayomwomba akaitafute jalalani?

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu wa Kisauni, ambaye kazi yake ni mitambo ya kompyuta. Aliniambia nimtumie baruapepe moja kwenye anwani yake ya Gmail, akaifungua, akabonyeza vile vitone vitatu vya pembeni na kuchagua kuonyeshwa ujumbe wa asili. Juu kabisa palikuwa na mistari mitatu ambayo nimeinakili katika daftari langu: spf=permerror, dkim=none, dmarc=none. Akanitazama, akasema, "Mama mdogo, hawa watu hawajawafanyia kitu chochote." Miaka mitatu tumelipa kila Januari bila kuchelewa hata siku moja.

Nitaeleza mistari hiyo kwa lugha ya kazi yetu ya bandarini, kwa sababu ndivyo nilivyoielewa mimi. Utaratibu wa kutuma baruapepe uliwekwa mwaka 1982, na haukuwa na njia yoyote ya kuhakikisha kwamba aliyejiandika kuwa mtumaji ndiye mtumaji kweli. Mtu yeyote angeweza kuandika jina la yeyote. SPF ndiyo orodha anayopewa askari wa langoni: inawekwa katika DNS ya domeini yako, yaani daftari la mtandaoni ambalo rekodi za domeini huandikwa humo na yeyote anaweza kulisoma, na inataja seva (kompyuta za kutumia barua) zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako, kama vile mwenye mzigo anavyotaja namba za malori yatakayokuja kuuchukua. DKIM ni sili ya kontena. Seva inayotuma huutia ujumbe sahihi kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi huwekwa katika DNS ili anayepokea akague. Mtu akiyabadili maneno njiani, sili imevunjika na inaonekana imevunjika. DMARC ni agizo la mwenye mzigo kuhusu lori lisilotimiza masharti: lipitishwe nami niarifiwe, liwekwe kando, au lirudishwe lilikotoka. Katika rekodi maagizo hayo huandikwa none, quarantine na reject.

Hayo ndiyo yote. Ni mistari michache ya maandishi katika DNS, na sisi hatukuwa hata na nenosiri la kuingilia humo, kwa kuwa muuzaji alikuwa amelishikilia "kwa usalama wetu".

Sasa sikilizeni namna walivyolishughulikia baada ya kuwaonyesha mistari ile mitatu.

Ilibainika kwamba domeini yetu ilikuwa na rekodi mbili za SPF. Moja waliiweka wao siku ya kwanza. Ya pili iliongezwa tulipoanza kutumia programu ya uhasibu inayotuma ankara kutoka seva nyingine. Kanuni ya SPF, RFC 7208 ya mwaka 2014, iko wazi kwamba domeini huwa na rekodi moja tu ya aina hiyo, na anayekagua akikuta mbili haziunganishi wala hachagui iliyo nzuri, bali huhesabu kuwa ni kosa la kudumu. Hilo ndilo permerror. Rekodi mbili sahihi zilikuwa zimetufanya tuonekane kama tusio na mpango wowote. Dawa yake ni kuziunganisha katika mstari mmoja, ukichunga mstari huo usimlazimishe anayekagua kuuliza DNS zaidi ya mara 10, maana kiwango hicho kikipitwa unarudi kwenye kosa lilelile.

Fundi wao wa kwanza alifanya nini? Alifuta zote mbili, akaandika rekodi mpya iliyoishia na +all. Mpwa wangu alipoiona alishika kichwa. Maana ya +all ni kwamba seva yoyote duniani ina ruhusa ya kutuma kwa jina la ofisi yetu, sawa na kumwambia askari wa langoni kwamba lori lolote litakalofika lipewe mzigo wangu. Mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hii aliandika hivyo, akafunga tikiti, akaniletea ujumbe wa kuniuliza nimeridhika kwa nyota ngapi.

Nilipolalamika niliambiwa ningoje saa 48 mabadiliko yaenee. Nimeambiwa hivyo mara tano. Rekodi yenyewe ilikuwa na muda wa sekunde 14,400, yaani saa nne, na muda huo ukiisha seva zinazokumbuka rekodi ya zamani hulazimika kuiuliza mpya. Zile saa 48 zilikuwa njia ya kunifikisha kwenye zamu ya mtu mwingine, ambaye naye angeniuliza tatizo langu tangu mwanzo.

DKIM ilichukua wiki tatu. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255 zinazoruhusiwa katika kipande kimoja cha rekodi ya maandishi, kwa hiyo hukatwa vipande viwili, kila kimoja katika alama zake za kunukuu, na anayesoma huviunganisha. Wao walibandika kipande cha kwanza tu. Niliwaandikia kwamba ufunguo wao unaishia njiani, nikaambiwa kwamba mimi ni mteja na masuala ya kiufundi niwaachie mafundi. Ningewaachia kwa furaha kubwa. Nina matamko ya forodha ya kujaza, na sikuzaliwa nikitamani kuhesabu herufi za ufunguo saa tano ya usiku.

Hata ulipokamilika, ankara zetu ziliendelea kuangukia spamu huku barua za kawaida zikifika, na hapa ndipo penye jambo ambalo naamini linawaumiza wengi bila wao kujua. SPF haikagui jina ambalo mteja analiona. Inakagua anwani ya kurudishia, iliyo nje ya bahasha, wakati mteja husoma jina lililoandikwa kwenye barua iliyo ndani. Programu yetu ya uhasibu ilikuwa ikiandika domeini ya ofisi ndani, lakini nje ya bahasha ilikuwa na domeini yake yenyewe, na sahihi ya DKIM pia ilikuwa ya kwake. Kila ukaguzi peke yake ulifaulu, kwa jina la mtu mwingine. DMARC hutaka angalau mmoja wa ukaguzi huo ufaulu kwa domeini ileile anayoiona msomaji. Ilitubidi tuingie katika mipangilio ya programu ile, tuombe funguo za kutia sahihi kwa domeini yetu, na kuziweka katika DNS kwa jina tofauti na la ufunguo wa kwanza. Kazi ya dakika ishirini, na hapakuwa na hata mtu mmoja katika dawati la msaada aliyejua kwamba iko.

Niliposhikilia msimamo, msimamizi wao alinijibu kwa maandishi kwamba masharti ya Google na Yahoo ni ya wanaotuma ujumbe 5,000 kwa siku, na sisi hatufikii hata mia. Bwana, masharti hayo yalitangazwa Oktoba 2023, yakaanza kutumika Februari 2024, na yanasomeka na kila mtu. Wanaotuma 5,000 na zaidi wanadaiwa SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja. Mtumaji mwingine yeyote wa kwenda Gmail, hata mwenye barua kumi, anadaiwa angalau SPF au DKIM, na seva yake iwe na jina linalolingana na anwani yake ya IP (namba yake ya mtandaoni) pande zote mbili: jina lielekeze kwenye namba, na namba kwenye jina. Sisi tulikuwa na SPF iliyovunjika na DKIM isiyokuwepo. Mwezi wa Mei 2025 Microsoft nayo ikaanza kuwabana wanaotuma kwa wingi kwenda Outlook. Msimamizi wa kampuni ya baruapepe hakuyajua haya, au aliyajua akaona mwanamke wa ofisi ya kliaringi hatayasoma.

Lililonifanya niandike hapa ni la wiki mbili zilizopita. Tuliweka DMARC kwa agizo la none, kwa kuwa ukianza moja kwa moja na reject unaweza kuzizuia ankara zako mwenyewe kabla hujajua zinatoka wapi, tukaelekeza ripoti zije kwenye anwani yetu. Ripoti za wiki ya kwanza zilionyesha seva ambazo si zetu wala za programu ya uhasibu zikituma barua kwa jina letu. Siku ya nne mteja wa Nairobi alipiga simu kuuliza kama kweli tumehamia benki nyingine. Alikuwa amepokea ankara yenye nembo yetu, anwani yetu, namba sahihi ya kontena lake, na akaunti ya benki tusiyoijua. Namba ile ya kontena waliipataje, bado tunachunguza. Alhamdulillahi alikuwa na mazoea ya kupiga simu kabla ya kulipa. Fundi aliyeandika +all alikuwa amewafungulia watu hao lango, na mstari wake ulikaa katika DNS yetu siku kumi na saba.

Ninachodai ni hiki, na nakidai kwa kila anayeuza baruapepe za kampuni katika mji huu. Rekodi hizi ziwe sehemu ya bidhaa. Ukimuuzia mtu baruapepe bila sahihi umemuuzia kontena lisilo na sili, na risiti yako haikusafishi. Mpe mteja nenosiri la DNS yake siku anayolipa. Mfunze kijana wa dawati kuusoma ule ujumbe wa asili kabla hajatamka neno Gmail. Nanyi mnaonunua, kabla ya kutuma fedha kwa M-Pesa mwombeni muuzaji awaandikie barua kutoka domeini anayoihudumia, mfungue vitone vitatu, mtazame kama yote matatu yanasema pass. Akikataa, ondokeni. Mkiwa mmekwisha kununua, hakikisheni pia kwamba domeini imesajiliwa kwa jina la kampuni yenu, wala si la muuzaji.

Sisi tunahama. Kwa sasa barua zetu zinafika, mpwa wangu amepandisha DMARC hadi quarantine, na mzee wa Kampala amenijibu ndani ya saa moja kwa mara ya kwanza tangu Februari. Msimbo wa kuhamishia domeini niliuomba Jumatatu ya wiki iliyopita kwa barua iliyotiwa muhuri wa ofisi. Leo ni siku ya tisa, na asubuhi hii nimejibiwa kwamba ombi langu limepokelewa, ningoje saa 48.