Tupeane uzoefu: Justice League ya 1987, ulicheka au ulikasirika?

Mleta uzi, Dar

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa waliowahi kuishika Justice League (Ligi ya Haki), jarida la katuni la mashujaa la kampuni ya DC ya Marekani, ya waandishi Keith Giffen na J.M. DeMatteis na mchoraji Kevin Maguire, ile iliyoanza 1987 na kuanzia toleo la 7 ikaitwa Justice League International. Nimebishana na watu juu ya kazi hii miaka mingi, na wa katikati sijamwona. Mtu ama anaipenda kama ndugu yake, ama anasema walichezea mashujaa wake. Kila mmoja aseme ilimkutaje. Naanza mimi.

Niliipata kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza mzigo wake kwenye turubai pembeni ya barabara. Pini zilishashika kutu, karatasi imekuwa ya manjano. Kilichonivuta ni jalada la toleo la kwanza. Hakuna anayepiga mtu, hakuna jengo linaloanguka. Ni kundi tu la watu waliobanana wakiinua macho kukutazama, kana kwamba wewe umewachungulia kutoka juu, na Guy Gardner, yule Green Lantern mkorofi mwenye pete ya nguvu, yuko mbele na ile sura ya mtu anayetafuta ugomvi tangu asubuhi. Nilisimama pale juani nikiangalia uso mmoja mmoja. Nilikuwa nimezoea mashujaa wenye uso mmoja tu, meno yamekazwa. Maguire alikuwa anachora mtu anayejizuia kucheka, anayeona aibu, aliyechoshwa na mwenzake. Nyuso za ofisini kabisa.

Halafu nikafika toleo la 5. Guy amesumbua weee, anataka yeye ndiye awe kiongozi. Anavua pete yake ya nguvu ili wapigane na Batman mikono mitupu. Ngumi moja tu, Guy chini! Blue Beetle, mwenzao kwenye Ligi, anashindwa kujizuia, anacheka. Black Canary, naye mwenzao, anaingia mambo yameshaisha, na masikini anasononeka kwamba amekosa kuona. Nilicheka peke yangu ndani ya daladala mpaka konda akaniuliza kuna nini.

Kwangu pale ndipo walipogeuka watu. Superman, Wonder Woman na Flash walikuwa wanaanzishwa upya kwenye majarida yao miaka ileile, kwa hiyo hawakupatikana. Ligi ikabaki na Batman mmoja na wale ambao msomaji wa kawaida hakuwa anawajali. Waandishi wakaamua kutujalisha kwa mazungumzo: Giffen anapanga hadithi kwa vichoro vidogo, DeMatteis anatia maneno. Karibuni, tiririkeni.

Msomaji wa Nairobi

Kaka, nakuheshimu lakini mimi nilihisi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilinunua matoleo manne kwa wale wauza vitabu wa inama, wanaotandaza chini barabarani, pesa ya nauli ya wiki, nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilitaka Ligi ya Haki inayookoa dunia. Nikapata kurasa nzima za watu wazima wanagombana nani ameacha friji wazi. Martian Manhunter, shujaa wa kutoka Mars, mtu aliyepoteza sayari yake yote, wamemfanya mlafi wa biskuti za Oreo! Sikucheka. Nilimhurumia. Nikawapa watoto wa jirani yale manne na sijayatafuta tena.

Mleta uzi

Mkuu, hilo la biskuti ndilo linalonifanya nimpende zaidi. Amepoteza kila kitu, amebaki na kitu kimoja kitamu cha dunia hii na hataki kukigawa. Ila nauli ya wiki, pole sana. Ningekasirika pia.

Dada wa Mombasa

Salaam aleikum wote. Mimi niko pande zote mbili na sitaki kulazimishwa kuchagua. Nilisoma kwa simu, usiku, mtoto akiwa kifuani. Wale mashujaa wa kike Fire na Ice niliwapenda mno, Beatriz wa Brazili na Tora wa Norwei, marafiki wa kweli wanaochekana na kusitiriana. Lakini Guy anavyowasemesha wanawake, kila mara, na sisi tunatarajiwa tucheke? Nimefanya kazi ofisi yenye Guy wake. Kila akisema neno, watu wanacheka ili yaishe. Kwa hiyo ile ngumi ya Batman niliifurahia kwa sababu yangu mwenyewe, si kwa kuwa inachekesha.

Kuhusu uchoraji sina neno. Siku moja nilificha viputo vya maneno kwa kidole nikasoma ukurasa mzima kwa nyuso tu, na nikaelewa nani kamkasirikia nani.

Mchangiaji, Kampala

Naunga mkono hoja ya dada. Hata mimi hapo kwa Guy nilikwama.

Msomaji aliyeko Lyon

Ndugu zangu, mimi nimetoka Bujumbura lakini shule nilisoma Tanzania, kwa hiyo Kifaransa kilinipita. Nilipofika huku nikapelekwa darasa la jioni la watu wazima. Siku hizohizo nilikuwa nasoma Justice League Europe, jarida dada lililoanza 1989, ambapo Ligi ina ubalozi wake Paris. Toleo la 6 wanapelekwa kujifunza Kifaransa! Mashujaa wamebanwa kwenye viti vya wanafunzi, wanaona haya kusoma kwa sauti. Mimi nina miaka arobaini na mbili, nimekaa kwenye kiti kama kile, mwalimu ananirudisha neno lilelile mara tano. Nilikibeba kijarida kile kwenye begi mpaka mwisho wa kozi. Anayesema hakina maana, kwangu kilikuwa na maana.

Mwanachama wa Morogoro

Nilikuwa nasoma kimya, ngoja niseme langu. Toleo la 34 la ile ya 1987, Blue Beetle na rafiki yake wa kwenye Ligi, Booster Gold, wanachukua fedha za Ligi na kufungua kasino kwenye kisiwa cha Kooey Kooey Kooey. Wote wanaoipenda kazi hii wanaitaja kama kichekesho kikubwa. Mimi siwezi.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba. Rafiki yangu mmoja, mtu wangu wa damu, akaja na wazo la mashine ya kukoboa. Tutazungusha miezi miwili tu, tutarudisha, hakuna atakayejua. Mashine ikafa mwezi wa kwanza. Jumamosi ya mgao nilisimama mbele ya akina mama kumi na tisa. Hawakupiga kelele. Mmoja alikuwa ameshikilia kijitabu chake cha akiba ameukunja ukingo, anaukunjua, anaukunja tena.

Sasa ninapowaona Beetle na Booster wanashikana mabega wanajipongeza, naujua ule mkono begani. Waandishi hawakukosea hata kidogo, wameupatia urafiki ule sawasawa. Ndiyo maana siwezi kucheka.

Mleta uzi

Mkuu, nimesoma mara mbili. Asante kwa kuandika.

Na umenikumbusha kwa nini 2005 ilinivunja. Ni toleo maalumu la DC, Countdown to Infinite Crisis, kurasa 80 kwa dola moja. Ted Kord, Blue Beetle wetu, hana nguvu yoyote ya ajabu, ana akili na vifaa alivyotengeneza mwenyewe, anapeleleza jambo na hakuna anayemchukulia kwa uzito. Mwishoni Maxwell Lord, aliyeiunda Ligi ile, anampiga risasi ya kichwa. Sijawahi kuwasamehe. Walimgeuza Max muuaji ili tuone kwamba sasa mambo ni mazito.

Dada wa Mombasa

Na Sue Dibny je, mke wa Elongated Man wa Ligi? Walimuua 2004 kwenye hadithi nyingine ya DC, Identity Crisis. Mwaka uliofuata kina Giffen wakarudi na kundi lao la vicheko kwenye jarida la JLA Classified, na Sue yumo, anatania na mumewe kama kawaida. Nilisoma matoleo yale sita nikijua ameshafia kitabu kingine. Kila utani wake ulinichoma.

Msomaji wa Nairobi

Haya, hapo mmenigusa. Sikujua kama Beetle alikufa hivyo. Nikumbuke tu alivyokuwa akicheka lile toleo la ngumi, nahisi vibaya. Mleta uzi, yale matoleo ya kwanza yapo kwenye mkusanyo mmoja? Nataka kurudia, ila sitaahidi kucheka.

Mleta uzi

Yapo kaka, DC wameyakusanya zaidi ya mara moja. Anza la kwanza na usiruke la 2 na la 3, lile la wageni wanaotaka kuteketeza silaha za nyuklia, halafu mmoja anaingia kwenye kinu kinachoungua huko Urusi. Chernobyl ilikuwa imetokea mwaka mmoja tu kabla. Utaona haikuwa mizaha mitupu.

Mkuu wa Morogoro, kikoba kiliishaje?

Mwanachama wa Morogoro

Tulilipa, miezi kumi na minne. Mashine tuliiuza chuma chakavu. Rafiki yangu tunasalimiana msikitini, hatujakaa tena meza moja. Lile toleo la 34 lipo kabatini, kaninunulia yeye.