Kavunja masharti ya kifungo cha nje: apewe wakili, au ndani moja kwa moja?

Kijana Mpole: Wakuu, habari za mchana. Jirani yangu alihukumiwa huduma kwa jamii: saa 4 kwa siku, kufyeka na kufagia kwenye zahanati ya kijiji. Juzi msimamizi kaandika barua kwamba haonekani kazini. Kapelekwa mahakamani, kasomewa barua, kaulizwa ana la kusema. Kababaika. Katoka na pingu, anakwenda kumalizia gerezani. Sheria ya Msaada wa Kisheria tunayo tangu 2017. Mtu anapoteza uhuru wake kwa barua ya ukurasa mmoja, hastahili wakili?

Jembe Halimtupi: Huyo alishakutwa na hatia, mkuu. Hakimu kamhurumia, kamwacha alale kwake na mkewe, kazi yenyewe kufagia tu. Hata hiyo imemshinda? Wakili wa kodi zetu wa nini tena?

MamaNeema: "Kufagia tu"? Mimi ni mhudumu wa afya, nadeki chumba cha kujifungulia alfajiri kabla daktari hajaamka. Njoo ushike dekio siku moja, uone damu inavyong'ang'ania sakafuni. Halafu rudi hapa uandike hiyo "tu" yako.

Jembe Halimtupi: Shikamoo mama. Sikukudharau wewe, nimemsema mfungwa.

MamaNeema: Kazi ni ileile. Ukiidharau kwake umeidharau kwangu.

Korti Ndogo: Turudi kwenye mada jamani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 iliwekwa kwa makosa madogo, kifungo kisichozidi miaka 3. Ile ya 2017 inampa hakimu nafasi ya kuagiza msaada wa kisheria kwa mshtakiwa asiye na uwezo, pale haki inapodai hivyo. Huyu aliyevunja masharti anachukuliwa ni mfungwa tayari, kwa hiyo hakuna anayemkumbuka. Lakini tuhuma ni mpya kabisa: ulikuwepo kazini au hukuwepo? Msimamizi ahojiwe, daftari la mahudhurio liletwe. Mtu wa darasa la saba atamhoji msimamizi wake peke yake?

Mtz Houston: Huku Marekani kila mtu anapewa wakili wa bure, hata wa kuvunja masharti. Katiba yao inasema.

Korti Ndogo: Siyo kila mtu. Katika Gagnon v. Scarpelli, 1973, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili si lazima katika kila shauri la namna hiyo, iangaliwe kesi kwa kesi. Ni majimbo mengi yaliyoongeza yenyewe. Cha kuiga kwao ni Bearden v. Georgia ya 1983: usimfunge mtu kwa faini asiyolipa kabla hujauliza kama anao uwezo wa kulipa.

Mtz Houston: Uko huko unanifundisha mimi habari za Houston? Mpwa wangu alipewa wakili, nilikuwepo mahakamani.

Korti Ndogo: Sijabisha kwamba alipewa.

Mbeba Maji: Mnazungumzia mawakili, hamjauliza msimamizi ni nani. Kwetu hawa watu walipelekwa kupalilia mahindi ya msimamizi. Anayekataa, siku yake haiandikwi. Lile daftari nimelishika kwa mkono wangu: mwezi mzima umejazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, dole gumba zote zimegongwa kwa wino wa siku moja.

Mtendaji Mstaafu: Usituchafue. Nimesimamia wafungwa wa nje miaka mingi, bila posho, bila hata baiskeli. Afisa wa uangalizi yuko wilayani, anafika akipata mafuta. Nani alipalilia shamba langu? Mtaje.

Mbeba Maji: Sijasema wewe.

Mtendaji Mstaafu: Umesema wasimamizi. Mimi ni nani?

Jembe Halimtupi: Mzee tulia. Ila hilo la mahindi kama ni kweli, basi anayetakiwa kizimbani ni msimamizi.

MamaNeema: Sasa umeanza kuelewa, mwanangu. Huyo msimamizi ndiye mlalamikaji, ndiye shahidi, na daftari analo yeye.

Mtendaji Mstaafu: Serikali ilipe posho kwanza. Unamtaka mtu akeshe na daftari la watu kwa hisani?

Kijana Mpole: Wakuu, nimetoka kwa mke wa jirani sasa hivi. Zile siku zinazodaiwa, mumewe alikuwa hospitali ya wilaya na mtoto. Kadi anayo, ina mhuri na tarehe.

Jembe Halimtupi: Kwa nini hakuitoa mahakamani?

Kijana Mpole: Iko nyumbani kabatini. Alipokamatwa hakuambiwa anakwenda kujibu nini.

Korti Ndogo: Kesho mama huyo aombe nakala ya uamuzi, achukue na kadi, awaone wasaidizi wa kisheria hapo wilayani wamwandikie maombi. Asikae, muda wa rufaa unahesabiwa.

Mtendaji Mstaafu: Mbeba Maji, bado nasubiri jina.